Mtoto yuko Marekani anaomba bunduki ya mchezo: tumujibu nini?

Simu za kutoka Marekani zinaingia Uvira usiku, wakati sisi tumerudi kutoka kazini na kule jua lingali juu. Zamani zilileta habari mbili tu: fulani amepata kazi, ao fulani ameshindwa kulipa nyumba. Sasa kuna habari ya tatu. Mtoto aliyezaliwa kambini Nyarugusu, ao aliyetoka Kavimvira akiwa mgongoni mwa mama, leo ana miaka 14 na anasoma Iowa, Minnesota ao Dakota. Amerudi nyumbani na karatasi ya shule. Anaomba aingie katika timu. Si timu ya mupira. Ni timu ya kupiga bunduki.

Mama anampigia simu kaka yake huku: «Yaya, mutoto anaomba bunduki. Eti ni mchezo. Mwalimu mwenyewe ndiye ametuma karatasi. Niseme nini?»

Yaya ni mchimbaji. Anajua bei ya gramu ya dhahabu, anajua kusimika mbao shimoni, lakini swali kama hilo hajawahi kuulizwa. Basi analileta kwenye sendika. Limetufikia zaidi ya mara moja, kutoka kwa familia za mlimani na za kando ya ziwa. Tumeliweka mezani sawa vile tunavyoweka swali la mkataba: tumeuliza wenye kujua, tumehesabu feza, tumetazama sheria. Haya ndiyo tuliyopata, ili kila baba, mama, mjomba na shangazi anayeulizwa awe na la kusema.

Mchezo wenyewe ni upi

Wenye kufuata Kifaransa wanaujua kwa jina la ball-trap, ao «njiwa za udongo». Mashine iliyofichwa katika kinyumba kidogo inarusha kisahani angani, kwa mbio. Mpigaji anasimama nyuma, karibu mita 15, na anajaribu kukivunja kabla hakijaanguka. Mzunguko mmoja ni visahani 25. Unavunja 20, unaandikiwa 20. Hakuna mtu mbele, hakuna mnyama, hakuna damu.

Kwa sisi watu wa mawe, kisahani chenyewe ni kitu cha kufurahisha kukijua. Kinaitwa cha udongo lakini hakina udongo. Ni chokaa iliyosagwa, ikachanganywa na lami, ikamiminwa katika kalibu. Upana wake ni karibu sentimita 11 na uzito karibu gramu 105. Ni kigumu cha kutosha kuvumilia mashine, na chepesi kuvunjika kikiguswa na punje mbili tatu.

Jina la njiwa linatoka zamani, wakati watu walipiga njiwa wa kweli. Hata katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 ndege waliuawa uwanjani, na Mbelgiji Léon de Lunden alishinda kwa kuangusha 21. Kisha watu wakaona haya, wakabaki na visahani. Mchezo huo ungali katika Olimpiki mpaka leo. Mwaka 1992 kule Barcelona, wanaume na wanawake walipopiga pamoja, Mchina Zhang Shan, mwanamke, aliwashinda wanaume wote. Mwaka 2024 Adriana Ruano aliipatia Guatemala medali ya kwanza ya dhahabu katika historia yake. Alikuwa mwanasarakasi, akaumia mgongo, njo akageukia bunduki. Tunaandika hayo juu ya wasichana wetu nao wanaomba, na wajomba wengine wanadhani ni ombi la kijana mwanaume tu.

Ligi ya wanafunzi ilianza katika jimbo la Minnesota mwaka 2001, kisha ikaenea majimbo mengine mengi. Wanaingia watoto wa darasa la 6 mpaka la 12, wavulana na wasichana pamoja. Kila mmoja lazima kwanza apite masomo ya usalama na apate cheti. Mazoezi hayafanyiki shuleni: yanafanyika kwenye uwanja wa kupigia, na bunduki hazipelekwi shuleni. Kila timu inapiga kwenye uwanja wake, alama zinatumwa kwa intaneti. Ligi yenyewe inajisifu kwamba katika miaka yake yote haijaandikishiwa mtoto aliyeumizwa na risasi. Ukilinganisha na magoti ya wachezaji wa mupira, hiyo si kitu kidogo.

Juu ya nini tunashtuka

Wazungu wa kule wanashangaa kuona mama Mkongomani anatetemeka mbele ya karatasi hiyo. Sisi hatushangai. Mwaka 2019 peke yake Marekani ilipokea karibu wakimbizi 13,000 kutoka Kongo, kuliko nchi nyingine yoyote. Wengi walipita Nyarugusu, Burundi, Rwanda ao Uganda. Hawakukimbia njaa. Walikimbia bunduki.

Makobola, mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Gatumba, tarehe 13 mwezi wa nane 2004. Mutarule, tarehe 6 mwezi wa sita 2014. Hakuna kabila ya pande hizi isiyokuwa na kaburi lake. Mzazi aliyelala chini ya kitanda akisikia milio, ukimwambia leo mlio ule ni mchezo wa mtoto wake, mwili wake unakataa kabla ya kichwa kufikiri. Huyo hana ujinga. Ana kumbukumbu.

Kwa hiyo neno letu la kwanza: «hapana» ni jibu kamili. Mzazi anayekataa hahitaji kujitetea mbele ya mwalimu, wala mbele ya mtoto. Kule kuna mupira, mbio, kuogelea, muziki. Na kama ndani ya nyumba kuna mtu anayeota vita usiku, ao mwenye huzuni nzito, bunduki isilale katika nyumba hiyo hata siku moja. Katika Marekani zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa bunduki ni watu waliojiua wenyewe. Hilo familia isilifiche kwa haya.

Lakini mzazi akiona mtoto ana nidhamu, kocha anaeleweka, na moyo wa nyumba umetulia, basi anaweza kusema ndiyo. Hapo linakuja swali la feza, na hapo ndipo wengi wanadanganywa.

Motopompi na esanse

Mchimbaji yeyote anajua hesabu hii. Kununua motopompi si kazi. Kazi ni kuilisha. Wangapi wamenunua mashine ya kutoa maji shimoni, wakakaa wiki mbili, esanse ikawashinda, maji yakarudi?

Bunduki ya mchezo ni vile vile. Tuhesabu pamoja. Timu ya shule mara nyingi inapiga visahani 50 kwa wiki. Msimu ukiwa wa wiki 8, hiyo ni risasi 400. Sanduku moja lina risasi 25, basi ni sanduku 16. Kule sanduku la risasi za mchezo linagharimu kadiri ya dola 10. Dola 160 zimekwenda. Ongeza feza ya uwanja, tuseme dola 5 mpaka 10 kwa kila mzunguko wa visahani 25: mizunguko 16 inakula dola 80 mpaka 160. Msimu mmoja unakaribia dola 300, kabla ya ada ya timu, miwani, vifuniko vya masikio na esanse ya gari. Akicheza misimu minne, dola 1,000 zimepita, na bunduki haijahesabiwa.

Dola 300 kule ni kazi ya siku kadhaa katika machinjio ya nyama ao gala ya mizigo. Huku ni minervale ya watoto, ni dawa ya bibi. Familia zinazoungwa na feza hiyo zina haki ya kuzungumza pamoja kabla ya kukata neno. Hatusemi mtoto wa kule anyimwe ili wa huku ale. Tunasema hesabu iwekwe wazi, ili mwezi ambao feza haikutumwa watu wasianze kusema maneno.

Kwanza uazime

Watu waliozoea mchezo huo wanaambiana hivi: bunduki ya bei rahisi kuliko zote ni ile ya timu. Timu nyingi zina bunduki za kuazima, na kocha ana zake. Mtoto apige msimu wa kwanza kwa bunduki ya kuazima. Watoto wengi wanachoka baada ya wiki tatu. Akichoka, hamujapoteza kitu. Akiendelea, kocha atakuwa amekwisha kuona urefu wake, nguvu ya bega lake, na jicho lake lenye nguvu.

Akimaliza msimu na bado moyo uko pale, ndipo mnatazama kununua.

Aina nne na bei zake

Bei tunazotaja ni za Marekani, kwa kukadiria, maana duka na duka, jimbo na jimbo, zinatofautiana.

Ya kwanza ni ya mtutu mmoja wa kuvunjika, ile wawindaji wetu wanaijua. Inapatikana kwa dola 150 mpaka 250. Ni rahisi kuliko zote na ndiyo mtego mkubwa kuliko zote. Ni nyepesi, na bunduki nyepesi inapiga bega teke kali. Risasi ileile katika bunduki nzito inasukuma kidogo tu. Mtoto akiumizwa mara kumi ataanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo kuiondoa ni kazi ya mwaka. Muache.

Ya pili ni ya pompi: unavuta mkono nyuma na mbele ili kuingiza risasi nyingine. Remington 870, iliyoanza mwaka 1950, na Mossberg 500 ndizo zinazojulikana kuliko zote. Ziko pia Maverick 88, ndugu mdogo wa Mossberg. Mpya ao iliyotumika, dola 250 mpaka 500. Zimetengenezwa mamilioni, kwa hiyo vipande vyake vinapatikana kila mahali na kila fundi anazijua. Ni kama moto ya TVS barabarani kwetu: si ya kujivunia, lakini ikiharibika Sange utapata wa kuitengeneza. Kwa familia ya mfuko mdogo, pompi iliyotumika vizuri ndiyo jibu letu.

Ya tatu ni ile inayojijaza yenyewe kwa gesi ya risasi. Sehemu ya nguvu inatumika kusogeza chuma, kwa hiyo bega linapumzika. Remington 1100 ya zamani, iliyotumika, inapatikana kwa dola 400 mpaka 700. Inafaa mtoto mwembamba. Ubaya wake, inataka kusafishwa kila mara, ao itakwama katikati ya mashindano.

Ya nne ni superpoze, mitutu miwili iliyolaliana, mmoja juu, mmoja chini. Ndiyo ya wakubwa wa mchezo. Kila mtu anaona kwa macho kama imefunguliwa na haina kitu, na hilo kocha wanalipenda. Browning Citori na Beretta 686 zinaanzia dola 2,000 na zaidi. Ziko za rahisi, dola 400 mpaka 700, nyingi kutoka Uturuki. Nyingine ni nzuri, nyingine baada ya risasi elfu chache zinaanza kucheza kwenye bawaba, na vipande vyake havipatikani. Dola 500 za pompi nzuri zinazidi dola 500 za superpoze hafifu.

Kuna pia Browning BT-99, ya mtutu mmoja mzito, imefanywa kwa mchezo wa trap tu, kadiri ya dola 1,500. Mtoto wa mwaka wa kwanza haihitaji.

Jina la Browning halitakuwa geni kwa wazee wetu. Mmarekani John Browning alifanya kazi na kiwanda cha FN huko Herstal, karibu na Liège, na alifia hapo mwaka 1926. Herufi hizo FN wazee walizisoma kwenye silaha za Force Publique na za jeshi lililofuata. Chuma kilekile cha Ubelgiji kilipita Kongo kama amri, kikapita kwingine kama mchezo. Chuma hakina hatia. Mikono na sheria ndizo zinazotofautisha.

Imkae mtoto kama kiatu

Bei si kitu kama bunduki haimkai mtoto. Kuna mambo matatu ya kutazama.

Urefu wa kitako. Mtoto akikunja kiwiko na kuweka mwisho wa kitako penye mkunjo wa mkono, kidole kifike bila shida pale pa kufyatulia. Hiyo ni kipimo cha haraka tu, lakini kinaonyesha kosa kubwa. Watengenezaji wana vitako vifupi vya watoto, na vingine vinaongezewa vipande mtoto akikua. Uliza hivyo, maana mtoto wa miaka 13 leo si yule wa miaka 15 kesho.

Shavu na jicho. Bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, mtoto afumbe macho, ailete begani, aweke shavu, kisha afumbue. Jicho linapaswa kutazama sawasawa juu ya mtutu. Akiona chuma tu, kitako kiko chini mno. Akiona mtutu wote kama barabara inayopanda, kiko juu mno.

Jicho lenye nguvu. Si kila mwenye kuandika kwa mkono wa kuume ana jicho la kuume lenye nguvu. Mtoto anyooshe mikono, afanye tundu dogo kwa vidole, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha afumbe moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo lenye nguvu. Kama ni la kushoto, kocha ajue kabla hamujanunua bunduki ya mkono wa kuume.

Kuhusu kalibre: 12 ndiyo ya kawaida, mtutu wake una upana wa milimita 18 na nusu hivi. Ya 20 ni nyembamba zaidi. Watu wengi wanakimbilia 20 kwa mtoto, lakini 12 yenye uzito mzuri na risasi nyepesi ya gramu 24 ao 28 inaweza kuwa pole vilevile, na inabeba punje za kutosha. Mwachie kocha aamue. Ila jambo moja ni la kufa na kupona: risasi za 12 na za 20 zisichanganywe katika mfuko mmoja. Risasi ya 20 ikiingia katika mtutu wa 12 inateleza na kukwama ndani. Mtu akiweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mkononi. Njo maana ganda la 20 kwa kawaida linafanywa la rangi ya manjano.

Ikiwa ni ya kutumika, itazame kama unavyotazama kompresere ya okazyo. Angalia ndani ya mtutu kwenye mwanga: kutu, mashimo, uvimbe. Angalia ufa katika mbao penye kiungo. Superpoze ikifungwa isitikisike. Na kama namba ya chuma imekwanguliwa, rudisha na uondoke: kule, kuwa nayo tu ni kosa.

Masikio, mikono, kufuli

Sendika yetu imezika masikio ya watu wengi. Marto ya kutoboa mwamba inawaacha wenzetu wakiongea kwa kelele nyumbani wakiwa na miaka 40. Mlio wa kalibre 12 unapita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja unaweza kuharibu sikio. Mtoto avae vifuniko kila wakati, hata akisimama nyuma kutazama wenzake. Na miwani juu ya macho, maana vipande vya visahani vinarudi. Sikio halina piese ya kubadilisha.

Punje za risasi ni za madini ya risasi, sumu inayokaa mwilini. Sisi tunaochoma dhahabu na zebaki tunajua sumu isiyokuwa na harufu. Mtoto asile uwanjani, anawe mikono kwa sabuni, na nguo za mazoezi zifuliwe peke yake, zaidi kama nyumbani kuna mtoto mchanga ao mama mwenye mimba.

Nyumbani, bunduki ifungwe katika sanduku la chuma, haina risasi. Risasi zifungwe mahali pengine. Ufunguo uwe na mzazi, si na mtoto, hata kama mtoto ndiye bingwa wa jimbo. Kama hamuna sanduku, iache kwa kocha ao kwenye klabu kama wanapokea. Feza ya sanduku iingie katika hesabu tangu mwanzo.

Karatasi zinaweza kurudisha mtu

Hapa tunaomba msome pole pole.

Kule duka haliruhusiwi kuuzisha bunduki ndefu kwa mtu asiyefikia miaka 18, na majimbo mengine yanaweka miaka 21. Mzazi ndiye ananunua, anajaza fomu, anachunguzwa. Sheria ya shirikisho haimkatazi mkimbizi aliyepokelewa kihalali wala mwenye kadi ya kijani. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, kwa kawaida anakatazwa, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, na asiyekuwa na karatasi anakatazwa kabisa. Aliyehukumiwa kwa kosa zito, ao kwa kupiga mke ao mume, anakatazwa vilevile.

Sasa huruma yetu ya Kikongomani inaweza kutuingiza shimoni. Jirani asiyekuwa na karatasi anasema: «Leki, uninunulie, nitakurudishia feza.» Huku tungesaidia. Kule kujaza fomu ukisema bunduki ni yako wakati unamnunulia mwingine kwa feza yake ni kosa la gereza. Na kwa mtu ambaye hajapata uraia, kuhukumiwa kwa kosa la silaha kunaweza kumfukuzisha nchini, hata akiwa na kadi ya kijani. Miaka kumi kambini, mahojiano yote yale, yanakwisha juu ya saini moja. Mzazi kununua kwa feza yake na kumpa mtoto wake kama zawadi, hilo sheria ya shirikisho inaruhusu. Lakini ulizeni pia sheria ya jimbo kabla ya kuingia dukani.

Wenye jamaa Kanada: huko ni lazima kusoma masomo ya usalama na kupata leseni ya silaha kwanza, na kuna leseni ya watoto kuanzia miaka 12 ya kuazima tu. Uingereza cheti kinatoka polisi. Australia ni leseni ya jimbo.

Na huku kwetu

Tangu habari hii ianze kuzungushwa, vijana wawili watatu wa kare wametuuliza: «Basi na siye tununue kalibre 12, tufanye klabu?» Tunawajibu waziwazi. Sheria ya Kongo, ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985, inakataza raia kuwa na silaha bila ruhusa ya serikali. Uwindaji nao una sheria yake ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982, na kibali chake. Bunduki ya kienyeji, ile wengine wanaita pupu, iliyofungwa na fundi wa chuma kijijini, haina ruhusa yoyote, na mara nyingi inamwumiza mwenyewe kwanza.

Tena kuna jambo la mkate wetu. Mashimo yetu yanapewa rangi: kijani, manjano ao nyekundu. Watu wenye silaha wakionekana penye kuchimba, shimo linaweza kuwa jekundu, na mzigo wake haununuliwi kihalali. Ukiingiza bunduki kwenye kare, hata ukisema ni ya mchezo, unaweza kufunga chakula cha nyumba mia. Mwenye kutamani kulenga shabaha, Uvira ina viwanja vya mupira na ina ufuo mrefu wa petanki.

Na nyinyi wa kule: musitume bunduki, musitume risasi, musitume hata maganda kama zawadi. Mutume picha ya mtoto na alama zake.

La kumwambia mama kwenye simu

Akipiga tena, yaya anaweza kumwuliza maswali haya, moja moja:

Mtoto amepata cheti cha usalama? Kocha umemwona kwa macho na umetembelea uwanja? Timu ina bunduki ya kuazima msimu wa kwanza? Umehesabu risasi na uwanja, ao umehesabu bunduki tu? Sanduku la kufuli liko? Karatasi zako na za mume wako ziko sawa, na hakuna mtu anayekuomba ununue kwa jina lako? Na wewe mwenyewe, moyo wako unalala?

Majibu yakiwa mazuri yote, msimu wa kwanza aazime. Msimu wa pili, pompi iliyotumika, kitako cha kimo chake, kwa dola 300 hivi. Jibu moja likiwa baya, mtoto angoje. Visahani havitakwisha Marekani.

Na swali la mwisho tulilizungumza muda mrefu kikaoni, maana wengine kati yetu wamezika. Mzee mmoja alisema: mtoto akifundishwa kufungua bunduki, kuonyesha kila mtu kwamba haina kitu, kungoja amri na kuiweka chini akiambiwa, amefundishwa kitu ambacho huku wenye bunduki wengi hawakufundishwa. Mama mmoja, mjane, akamjibu kwamba yeye hata hivyo hatakubali, na asilazimishwe. Hatukupiga kura. Tuliandika maneno yote mawili katika kitabu cha kikao, na tunayaleta kwenu vilevile.